Kupunguza plastiki za kutumia mara moja: mwongozo kamili kwa aliyejaribu akashindwa

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye ameshajaribu. Ulinunua mfuko wa kitambaa, ukanunua na chupa nzuri ya maji, wiki ya kwanza mambo yakaenda, wiki ya tatu mfuko unaning'inia nyuma ya mlango, chupa imeanza kunuka na ndoo ya taka inajaa kama ilivyokuwa inajaa zamani. Nimeongea na watu wengi waliokwama hapo hapo na karibu wote wanajilaumu, ooh mimi sina nidhamu, ooh mimi mvivu.

Mi siamini kama ni nidhamu. Plastiki nyingi haiingii kwako kwa sababu umeichagua, inaingia kwa sababu kuna sekunde tatu nne pale kaunta ambapo keshia anafunga mzigo wako na wewe umeinama unatafuta hela, ukiinua kichwa umeshafungiwa, mfuko ndani ya mfuko na kijiko cha plastiki juu yake, na nguvu ya kuanza kurudisha huna. Kazi yote humu ni hizo sekunde. Ukizipanga kabla hazijafika utaweza, ukisubiri zifike ndo ukumbuke utashindwa hata uwe na moyo kiasi gani.

Na usijipe matumaini kwamba si itarejelezwa tu. Utafiti mmoja mkubwa wa 2017 ulipiga hesabu ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani mpaka 2015, ikaonekana kama asilimia 9 tu ndo ilirejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na 79 iko madampo au imezagaa huko nje. Plastiki rahisi kuishughulikia ni ile ambayo haikufika mkononi mwako kabisa.

## Vitu vya kuandaa

Soma orodha yote kwanza kabla hujanunua chochote, manake vingi unavyo tayari ndani.

- Ndoo au boksi moja la kukusanyia plastiki kwa siku 7
- Daftari au simu ya kuandikia
- Mifuko ya kubebea 2 au 3, yoyote uliyonayo, hata kama imechakaa kidogo
- Mfuko mmoja mwepesi unaokunjika ukawa mdogo kama ngumi
- Chupa moja ya maji yenye mdomo mpana, mkono au brashi iingie
- Makontena 2 yenye mfuniko unaobana
- Kijiko, uma na kitambaa kidogo cha kuvifungia
- Mitungi au makopo yenye mifuniko kwa ajili ya stoo
- Brashi ya chupa, beking soda, na kalamu ya maka isiyofutika kwa maji

Onyo la kwanza, na hili naliomba sana: usitupe plastiki uliyonayo ili ukanunue vitu vipya vya mianzi na vioo. Kontena la plastiki ambalo lipo, zima, linafunga vizuri, endelea nalo mpaka lipasuke. Kulitupa leo ni kutengeneza taka ambayo haikuwepo, alafu na hicho kipya nacho kimetengenezwa kiwandani, kimesafirishwa, na kimekuja kimefungwa kwenye nini? Plastiki.

## Hatua ya 1: Hesabu kwa siku 7

Hii ndo hatua ambayo kila mtu anairuka na ndo inayowaangusha. Mtu anaanza na mirija kwa sababu ameona picha za mirija, kumbe yeye kwa mwezi anatumia mrija mmoja, lakini kwa siku anafungua chupa mbili za maji.

Chukua boksi, weka jikoni. Kwa siku 7 kila plastiki ya kutumia mara moja inayopita kwako usiitupe, isuuze haraka, ikauke, itupie humo. Ukiitumia ukiwa nje na huwezi kuibeba, andika kwenye simu, mfano "kijiko 1, kikombe 1, mfuko 1". Siku ya saba mwaga kila kitu chini, panga mafungu, hesabu.

Kwa nini siku saba na sio mbili? Kwa sababu wiki ina siku ya kununua vitu vya nyumbani, ina siku za kazi na ina siku za mapumziko, na plastiki za siku hizo hazifanani hata kidogo.

Kuna plastiki zimejificha na usipozijua utazisahau. Vikombe vya karatasi vya vinywaji vya moto vingi vimepakwa ndani plastiki nyembamba ya polithini, ndo maana havilowi. Baadhi ya vifuko vya majani ya chai vimegandishwa kwa plastiki na vingine ni plastiki vyenyewe. Waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia na kutupa, nyingi zina nyuzi za poliesta. Kichungi cha sigara pia ni plastiki, inaitwa selulosi asiteti, ingawa ukikishika utadhani pamba. Vyote hivi hesabu.

Onyo: wiki hii usibadilishe tabia. Najua utashawishika kuanza kuwa mtu mzuri siku ya pili, usifanye hivyo, tunataka ukweli wa maisha yako ya kawaida. Na usiache vitu vichafu kwenye boksi bila kuvisuuza, siku ya nne nyumba yote itanuka na mradi utafia hapo.

Utajua imefanikiwa ukiwa na karatasi yenye mafungu na namba. Mara nyingi utakuta mafungu matatu au manne ndo yamebeba karibu rundo lote. Piga picha hilo rundo, utalihitaji baadaye.

## Hatua ya 2: Chagua mafungu matatu tu

Matatu. Usichukue saba. Ukianza na saba kwa mpigo kila safari ya dukani inakuwa mtihani, na mtu akichoka anaacha vyote kwa siku moja.

Kuchagua, jiulize hivi: hili fungu linaingia mara ngapi kwa wiki, na mbadala wake ninao tayari? Yanayoingia mara nyingi na mbadala upo, anza nayo. Kwa watu wengi itakuwa mifuko, chupa za maji, na vyombo vya chakula cha kununua nje, ila kama rundo lako linasema vingine wewe fuata rundo lako.

Kuna plastiki ambazo usijaribu kuzipunguza. Vifungashio vya dawa, sindano, vifaa vya mgonjwa, glavu za kumhudumia mtu. Na mrija, kama ndani kuna mtu ambaye bila mrija hawezi kunywa kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa, huo mrija ni kifaa chake na asilaumiwe na mtu yeyote.

## Hatua ya 3: Mfuko, na jinsi ya kutousahau

Shida ya mfuko inajulikana, unao lakini uko nyumbani. Unafika dukani unakumbuka, unanunua mwingine wa kitambaa, na ukirudi unaungana na wenzie kumi na moja nyuma ya mlango.

Hiyo ni hatari kuliko unavyodhani. Wakala wa Mazingira wa Uingereza walitoa ripoti 2011 wakilinganisha mifuko kwa upande wa joto la dunia. Mfuko wa pamba inabidi utumike mara 131 ndo uwe sawa na ule mfuko laini wa plastiki uliotumika mara moja. Ule unaofanana na kitambaa lakini ni plastiki ya polipropilini, mara 11. Wa karatasi, mara 3. Manake kulima pamba, kuifuma na kuisafirisha kunakula nishati na maji mengi. Hesabu hiyo haikugusa mfuko unaoishia mtaroni au baharini, na hapo ndo plastiki laini inakuwa mbaya kuliko yote, lakini ujumbe upo: mfuko wa kitambaa unaolala nyuma ya mlango ni hasara tupu, faida yake inatoka kwenye kutumika tu.

Sasa fanya hivi:

1. Mfuko ule unaokunjika uweke ndani ya begi unalobeba kila siku, au mfuko wa koti, au kwenye pikipiki au gari. Huo hautoki humo. Huu ni wa dharura, wa vile vitu viwili vitatu vya kupitia jioni.
2. Mifuko mikubwa iweke mahali ambapo lazima mwili wako upite ukitoka, pamoja na funguo au juu ya viatu. Nyuma ya mlango hapafai kwa sababu mlango ukifunguka unaificha.
3. Ukirudi na kutoa vitu, usiukunje mfuko jikoni. Urudishe mahali pake hapo hapo, kabla hata hujapanga vitu. Hii ya tatu ndo wengi inawashinda, mfuko unabaki jikoni siku tatu na mzunguko unakatika.
4. Orodha yako ya manunuzi ianze na neno "mifuko". Mstari wa kwanza kabisa.

Ukisahau? Beba mkononi kama ni vitu viwili. Kama ni vingi omba boksi tupu la dukani, mengi yanatupwa tu. Ikishindikana chukua mfuko, utumie nyumbani tena na tena, kesho endelea. Mfuko mmoja haujavunja kitu.

Onyo la afya: nyama mbichi na samaki vibebe kwenye chombo au mfuko wake peke yake, usichanganye na vitu vinavyoliwa bila kupikwa. Mifuko ya kitambaa ifue, ianike ikauke kabisa. Mfuko wenye unyevu ukikunjwa unaota ukungu.

Imefanikiwa ukikaa wiki tatu na mifuko mipya iliyoingia ndani unaihesabu kwa kidole kimoja au viwili.

## Hatua ya 4: Zile sekunde za kaunta

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo penyewe.

Unachosema sio muhimu sana kama *wakati* unaosema. Ukisema "sihitaji mfuko" baada ya vitu kuingia, muuzaji anautoa na mara nyingi anautupa, yaani umekataa plastiki na bado imekuwa taka. Kwa hiyo mfuko wako uweke juu ya kaunta kabla ya kitu chochote, mtupu, mdomo wazi. Mtu akiona mfuko umewekwa mbele yake mikono yake inaelekea huko yenyewe. Alafu ndo useme, kwa sauti ya kawaida na salamu kwanza:

- "Habari za kazi, naomba uniwekee humu."
- Kwa kinywaji: "Naomba bila mrija na bila mfuniko, nakunywa hapa hapa."
- Kwa chakula cha kubeba: "Nina chombo changu, naomba unipakulie humu. Kijiko ninacho."
- Kwa kitu ambacho tayari kina pakiti yake: "Hiki usikifunge tena, nitakishika hivyo hivyo."

Sentensi fupi, hakuna hotuba. Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kumsimamisha kijana mmoja kwenye foleni nikamweleza habari za bahari na samaki mpaka watu nyuma wakaanza kuguna, na yule kijana hakuwa na kosa lolote, yeye kaambiwa afunge na anafunga. Nilitoka pale nimemuudhi na mfuko nilipewa vilevile. Tangu hapo natumia maneno sita saba na tabasamu, na inafanya kazi kuliko hotuba zote.

Kuna sehemu watakataa chombo chako, watasema ni sheria yao ya usafi. Usibishane na mhudumu, muulize tu kama anaweza kukupa kwenye sahani ya kawaida ukala hapo, au kwenye karatasi. Ikishindikana amua wewe, ununue hivyo au uende kwingine. Ila angalia na chombo chako kweli ni kisafi, manake ukileta kontena lenye harufu ya juzi hao wahudumu wana haki ya kukataa.

Kwa vitu vya kupimwa kwenye mzani, geuza chombo, andika kwa maka chini yake uzito wa chombo kitupu. Muuzaji anatoa hiyo namba kwenye uzito wote, wewe hulipii uzito wa kontena na yeye hapotezi muda.

Oda za kuletewa ni ngumu zaidi na nitasema ukweli, yale maelezo ya "msiweke vijiko" mara nyingi anayefunga hayasomi. Andika hata hivyo. Lakini ukitaka matokeo ya uhakika nenda mwenyewe ukachukue na vyombo vyako, au punguza idadi ya oda kwa wiki.

Imefanikiwa siku ambayo muuzaji wako wa kila siku anakuona unaingia na ananyoosha mkono kupokea mfuko wako kabla hujafungua mdomo. Kwa wengi hiyo inakuja baada ya wiki chache tu, watu wanakariri haraka.

## Hatua ya 5: Chupa ya maji isiyonuka

Chupa mbili kwa siku ni 730 kwa mwaka, mtu mmoja. Hakuna fungu linaloshuka haraka kama hili.

Swali la kwanza ni usalama. Kama maji ya bomba unayopata sio salama kunywa, usijaribu ushujaa. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda, yaache yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa, alafu uyaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, ikiwezekana chenye koki ili mikono na vikombe visizame humo. Kama maji ni machafu kwa macho, yachuje kwanza. Chumvi, madini au kemikali haziondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo kama eneo lako lina shida hiyo bora madumu makubwa yanayorudishwa kujazwa, bado hapo umepunguza vichupa vingi sana.

Chemsha usiku, jaza asubuhi. Ukisema utachemsha asubuhi, utatoka bila chupa.

Harufu sasa. Karibu kila mtu aliyeacha chupa yake ameacha kwa sababu ya harufu, na harufu inakaa sehemu moja ambayo watu hawaoshi: ule mpira mwembamba ndani ya mfuniko. Uchomoe kwa ncha ya kijiko, osha chini yake, utashangaa ulichokuwa unakunywa nacho. Kila siku osha kwa sabuni na brashi, acha wazi ikauke mdomo chini. Mara moja kwa wiki tia kijiko kimoja cha beking soda na maji ya moto, acha usiku, suuza vizuri. Usihifadhi chupa ikiwa imefungwa na ina unyevu ndani, hata kama umeiosha.

Onyo: vile vichupa vyembamba vya maji ya dukani, vyenye namba 1 chini (ile namba ya aina ya plastiki, ndani ya pembetatu ya mishale), visitiwe maji ya moto, vinajikunja. Na kukitumia kwa miezi sio suluhisho, kinachubuka ndani na mdomo mwembamba haukubali brashi.

## Hatua ya 6: Makontena ya chakula

Hapa ni jaribio moja tu linalookoa nguo zako. Jaza kontena maji, funga, ligeuze juu ya sinki, litikise, liache limelala ubavu dakika tano. Likitoa hata tone, hilo ni la vyakula vikavu. Usilipe heshima ya mchuzi.

Chuma cha pua ni chepesi na hakishiki harufu, ila hakiingii maikrowevu. Kioo kinaingia lakini ni kizito na kinavunjika. Plastiki uliyonayo angalia namba chini, yenye 5 ni polipropilini na inavumilia chakula cha moto vizuri kuliko nyingine, yenye 6 ni polistirini, hiyo usiipashe moto. Plastiki yoyote iliyochubuka sana au imebadilika rangi ipeleke kwenye kazi nyingine, iwekee misumari.

Kontena la pili ni kwa ajili ya siku ambayo la kwanza ni chafu. Watu wanaonunua moja wanakwama siku ya pili, wanaonunua sita hawajui vifuniko viko wapi.

Seti ya kijiko na uma ifunge kwenye kitambaa, kaa nayo ndani ya begi pamoja na ule mfuko wa dharura. Ukila, futa, funga, ukifika nyumbani osha na *rudisha begini usiku huo huo*.

## Hatua ya 7: Manunuzi ya nyumbani

Pakiti ndogo ndogo ndo adui hapa. Kitu kilekile kikigawanywa kwenye vipakiti ishirini kinakula plastiki nyingi zaidi kuliko kikiwa kwenye pakiti moja kubwa, na vile vipakiti vyenye tabaka za plastiki na foili zilizogandamana karibu haviwezi kurejelezwa popote, kuzitenganisha hizo tabaka ni kazi ngumu mno.

Kama kwako kuna sehemu wanauza kwa kupima, nenda na mitungi. Kama hakuna, nunua pakiti kubwa ya vitu vikavu visivyoharibika, mimina kwenye mitungi, andika tarehe. Najua sio kila mtu ana hela ya kununua kikubwa kwa mpigo, hapo unaweza kuchanga na jirani au ndugu mkagawana. Na kisichokaa muda mrefu usikinunue kingi. Chakula kikioza umepoteza chakula na pakiti yake pia.

Kufunika mabaki huhitaji nailoni, sahani juu ya bakuli inatosha.

## Hatua ya 8: Bafuni, kwa kifupi

Sabuni ya kipande badala ya ya chupa, na iweke kwenye kitu chenye matundu ili ikauke, la sivyo itayeyuka ndani ya wiki na utasema sabuni za kipande hazidumu. Waipsi badilisha na vitambaa vidogo vya zamani. Zile unazomalizia usizitupe chooni hata kama pakiti imeandikwa inaruhusiwa, zinaziba mabomba.

Kikombe cha hedhi na pedi za kufua vinapunguza sana, lakini vinataka maji safi, sehemu ya faragha na uwezo wa kuchemsha kikombe au kuanika pedi juani. Kikombe kisikae zaidi ya saa 12. Kama hayo mazingira huna, endelea na unachotumia, afya yako kwanza. Nepi za kufua nazo unaweza kuanza na za mchana tu, usiku ukabaki na za kutupa.

## Usidanganywe na maneno ya kwenye pakiti

Ile pembetatu ya mishale yenye namba ndani inakuambia aina ya plastiki tu, haijaahidi kwamba itarejelezwa.

Neno "inaoza" nalo liangalie vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliacha mifuko kwenye udongo na baharini miaka 3, na walivyotoa matokeo 2019 mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ulikuwa bado unaweza kubeba mzigo wa dukani. Plastiki za PLA zinazotokana na mimea zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la kama nyuzi 60, kwenye shimo la nyuma ya nyumba zinakaa tu. Na kubadilisha kikombe cha plastiki cha kutupa kwa kikombe cha karatasi cha kutupa, mi siiti ushindi. Bado unatupa.

## Hatua ya 9: Watu unaoishi nao

Usiwe askari. Ukianza kukagua mifuko ya wenzio wataanza kuileta kwa kificho. Waonyeshe lile rundo la siku 7, kwa macho, hakuna maelezo yanayozidi hilo. Alafu omba kitu kimoja tu kutoka kwa kila mtu na mtu achague mwenyewe. Watoto wape kazi ya kuhesabu, wanaipenda na hawasamehe hata kifuniko kimoja.

## Hatua ya 10: Hesabu tena baada ya siku 30

Rudia siku 7 kwa boksi lilelile, piga picha, weka karibu na ile ya kwanza. Angalia yale mafungu matatu tu. Yakishuka kwa nusu umefanya kazi kubwa, chagua fungu la nne. Sifuri usiitafute, kwa sa hivi karibu kila kitu kinakuja kimefungwa na hilo haliko mikononi mwako.

Fungu likigoma kushuka, tafuta sekunde yake. Kaa chini ukumbuke kwa kila kipande: nilikuwa wapi, nani alinipa, mikono yangu ilikuwa inafanya nini? Karibu kila mara utakuta ni sehemu moja ile ile, saa ile ile, labda jioni ukiwa umechoka na huna mfuko wa dharura. Rekebisha hapo peke yake, mengine yaache.

Zilizobaki zisuuze, zitenganishe kwa namba, zile ambazo kwenu kuna anayezipokea mpelekee. Usizichome. Moshi wa plastiki una sumu, na PVC, ile yenye namba 3, ikiungua inatoa gesi ya asidi na dayoksini, na anayevuta kwanza ni wewe na walioko jikoni. Ambazo hazina pa kwenda ziingie kwenye taka za kawaida zikiwa zimefungwa ili upepo usizibebe, alafu andika kwenye simu tarehe ya hesabu ya tatu, miezi mitatu mbele.